Mwendo wa Mwenye Chuma cha Mguu Penye Ngazi na Vilima



Mtu atokaye Tunduma akashika njia ya Mpemba hata Isongole, kisha akaingia ndani ya wilaya ya Ileje mpaka huku kwetu Ikinga, huona upesi kwamba nchi ya tambarare ameiacha nyuma. Huku nyumba iko mgongoni mwa kilima, maji yako bondeni, shamba liko ng'ambo ya pili, na shule, msikiti na zahanati kila kimoja kina mpando wake na mteremko wake. Mwenye miguu mizima hupita njia hizo bila kuzifikiri. Lakini wako miongoni mwetu watoto na wazee ambao mguu mmoja, au yote miwili, imepungukiwa nguvu, nao wamepewa hospitali kifaa cha kuushika mguu huo usilegee. Kwa watu hao kila kilima ni mas'ala, na kila ngazi ni mtihani.

Tumeona yafaa kuyaandika mambo haya kwa urefu kidogo, kwa sababu jambo moja latokea tena na tena katika nyumba zetu. Mgonjwa husafirishwa mbali, ng'ombe huuzwa, kifaa hupatikana, na mtu hurejea nyumbani kwa furaha. Baada ya miezi michache kifaa kile kimetundikwa ukutani, na mwenyewe amerudi kukaa kitako uani. Ukiuliza sababu, waambiwa: "Alianguka mteremkoni, tangu hapo anaogopa." Twasema kwamba lawama hapo si ya kifaa wala si ya mtoto. Kifaa kililetwa nyumbani, na elimu ya kukitumia penye vilima ikaachwa njiani.

KIFAA CHENYEWE

Watu wetu hukiita chuma cha mguu, kwa kuwa hapo zamani kilikuwa ni fito mbili za chuma zilizoshikwa kwa mikanda ya ngozi na kufungwa kwenye kiatu. Siku hizi vingi hufanywa kwa plastiki ngumu, iliyolainishwa kwa moto na kukandamizwa juu ya sanamu ya mguu wa mwenyewe. Hata hivyo jina limebaki, nasi tutalitumia.

Namna mbili ndizo zionekanazo zaidi. Ya kwanza ni chuma kifupi: chaanzia chini ya wayo, chapita nyuma ya kisigino, chakomea chini ya goti. Hiki hupewa mtu ambaye wayo wake waning'inia na kuburura vidole. Ya pili ni chuma kirefu: hiki hupanda mpaka pajani, na kwenye goti kina bawaba mbili zenye kufuli. Aghalabu kufuli hiyo ni pete ya chuma iliyoko kila upande. Mtu anyooshapo goti, pete hushuka na kuifunga bawaba. Atakapo kukaa, huziinua pete zote mbili na goti likakunjika.

Wanaovihitaji ni wengi kuliko tudhanivyo. Wako waliopooza kwa polio zamani, na leo ni watu wazima. Wako watoto wenye mtindio wa ubongo au waliozaliwa na mgongo wazi. Wako wazee waliopatwa na kiharusi, vijana walioumia katika ajali za pikipiki, na waliowahi kuugua ukoma ukawadhuru mishipa ya fahamu. Wako pia watoto waliochomwa sindano ya tako mahali pasipostahili, mshipa mkubwa wa mguu ukaguswa. Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Na kila tuliyemtaja hapa ni shahidi wa neno hilo.

Kazi ya kutengeneza vyuma hivi si ngeni katika nchi zetu. Katika miaka ya 1960, kwenye hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa mifupa Ronald Huckstep aliwakuta watoto wengi waliopooza kwa polio, ambao wazazi wao hawakuweza kamwe kulipa gharama za vifaa vya Ulaya. Akatengeneza vyuma na viatu vya bei ndogo kwa vitu vipatikanavyo papo hapo, akawafundisha mafundi wa nchi, na mwaka 1975 akatoa kitabu kuhusu ugonjwa huo kwa ajili ya madaktari wa nchi zenye uwezo mdogo. Hapa Tanzania, mwaka 1981 kilianzishwa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, chuo kiitwacho TATCOT, ambacho husomesha mafundi wa viungo bandia na vyuma vya miguu kutoka nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam nako, hospitali ya CCBRT, iliyoanza mwaka 1994, imewahudumia watu wengi wenye ulemavu. Kwa hiyo maarifa yapo, na mafundi wapo. Lililobaki ni la nyumbani.

KWA NINI KILIMA HUMSHINDA MTU

Tazama mguu usio na ila unapopanda. Kifundo chake hujikunja, vidole huelekea juu, na muundi hubaki umesimama wima, hata mwili usipoteze mizani. Unaposhuka, kifundo hujikunjua, vidole huelekea chini, na muundi hubaki wima vilevile. Yote hayo hutendeka bila mtu kuyawaza.

Ama mguu uliomo ndani ya chuma kisichokunjika kifundoni ni mfano wa herufi L. Uisimamishe herufi hiyo sakafuni, yasimama sawa. Uisimamishe penye mteremko ikitazama chini, yote yainama mbele. Maana yake muundi wasukumwa mbele, na goti nalo lasukumwa likunjike ghafula. Uisimamishe penye mpando ikitazama juu, yote yalalia nyuma. Goti larudishwa nyuma, na mtu ahisi kana kwamba avutwa mgongoni. Hii ndiyo sababu mtu aendaye vizuri sana katika ua wa hospitali, ambao ni wa saruji iliyo sawa, aweza kuanguka siku ya kwanza afikapo kwao Bundali.

Mwenye chuma kirefu ana shida nyingine. Goti lake limefungwa, halikunji, na mguu wake umekuwa kama mti mmoja ulionyooka. Mguu wa namna hiyo waweza kuubeba mwili vizuri, lakini hauwezi kuuinua wala kuuteremsha. Kazi hiyo lazima ifanywe na mguu wa pili.

Na katika hayo mawili, kushuka ndiko kwenye hatari zaidi. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Apandaye akianguka, huangukia mikono yake karibu na uso wa kilima. Ashukaye akianguka, huanguka mbali.

KANUNI MOJA YA KUSHIKA

Kanuni ambayo kila mtu wa nyumba yapasa aijue ni fupi, hata mtoto wa chuo aweza kuihifadhi: mguu mzima ukae juu, na msaidizi akae chini.

Maana ya mguu mzima kukaa juu ni hii. Penye ngazi, mguu ulio juu ndio ufanyao kazi nzito. Mtu apandapo, mguu uliotangulia juu ndio uuinuao mwili. Ashukapo, mguu uliobaki juu ndio ujikunjao pole pole na kuuteremsha mwili. Basi apandapo, atangulize mguu mzima, kisha mguu wenye chuma uufuate na kusimama kando yake katika kidato kile kile. Ashukapo, atangulize mguu wenye chuma, kisha mguu mzima uufuate. Asipishane vidato kama wafanyavyo wengine; kila kidato kikanyagwe na miguu yote miwili kabla ya kwenda kingine. Hii yaonekana kuwa ni mwendo wa kuchelewa, lakini haraka haraka haina baraka, na hapa baraka yenyewe ni mifupa isiyovunjika.

Mwenye magongo naye hufuata kanuni hiyo hiyo, kwa kujua kwamba gongo ni rafiki wa mguu dhaifu na huenda pamoja nao. Apandapo: mguu mzima kwanza, kisha mguu wenye chuma na magongo. Ashukapo: magongo kwanza, kisha mguu wenye chuma, mwisho mguu mzima. Pakiwa na kishikio cha ngazi, mkono mmoja ushike kishikio na magongo yashikwe kwa mkono wa pili. Kwa maana kishikio kilichojengewa hakitelezi, na gongo laweza kuteleza.

Kabla ya kidato cha kwanza asimame kitambo kidogo. Mwenye chuma kirefu aguse pete za goti kwa mkono, moja moja, ahakikishe kwamba zote mbili zimeshuka. Pete moja ikiwa juu, bawaba yaweza kufunguka katikati ya ngazi. Kisha atazame pale atakapokanyaga, na wayo wote uingie katika kidato. Wakati wa kushuka kisigino kisogee karibu na ukuta wa kidato alichotoka, ili vidole visining'inie hewani.

Ama mwenye vyuma miguu yote miwili, huyo hana mguu mzima wa kuuweka juu. Yeye atumie vishikio vya pande zote mbili, afunzwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wala asijaribiwe na watu wa nyumbani kwa kubahatisha. Na kama hapana kishikio, kushuka kwa kukaa kitako, kidato baada ya kidato, si aibu. Aibu ni kwa wanaomcheka.

PENYE VILIMA VYA UDONGO

Kilima cha njia si ngazi; hakina vidato, na mvua zikianza mwezi wa Novemba hata Aprili, udongo wake huwa kama sabuni. Hapa yapo mambo manne ya kushikwa.

La kwanza, hatua ziwe fupi. Hatua ndefu penye mteremko huliongezea goti msukumo. Hatua fupi huupunguza.

La pili, asiukabili mteremko mkali uso kwa uso. Na apite mshazari, kushoto kisha kulia, kama njia ya ng'ombe inavyozunguka kilima. Kila afikapo mahali pa kugeuka, asimame kwanza, ageuze miguu, ndipo aendelee. Lakini njia hiyo ya mshazari iwe pana na iliyosawazishwa, kwa sababu njia iliyolalia upande hupindua kifundo hata kama kimo ndani ya chuma.

La tatu, panapokuwa pakali mno, apite kwa ubavu. Aukabili upande, mguu mzima uwe mlimani na mguu wenye chuma uwe bondeni. Apandapo mguu mzima hutangulia, ashukapo mguu wenye chuma hutangulia. Msomaji ataona kwamba kanuni ni ile ile: mguu mzima umekaa juu.

La nne, asibebe kitu kichwani wala mkononi. Ndoo ya maji humziba mtu asione miguu yake na humwondolea mkono wa kushikia. Mzigo mdogo uwekwe katika mfuko wa mgongoni, na mikono ibaki huru.

Zaidi ya hayo, twawanasihi wazazi kwamba siku ya mvua kubwa, mtoto akikaa nyumbani hakupoteza kitu. Somo hurudiwa, nyonga iliyovunjika huchukua miezi.

MSAIDIZI NA MAHALI PAKE

Tumesema msaidizi akae chini. Mtu apandapo, msaidizi awe nyuma yake, upande wa mguu dhaifu kidogo. Ashukapo, msaidizi awe mbele yake, kidato kimoja chini, akimtazama. Mkono wake ushike mkanda wa kiunoni, na kama hapana mkanda basi leso iliyofungwa imara kiunoni yatosha. Asimshike mkono na kumvuta, wala asimkwapue kwapani. Mtu avutwaye mkono hupoteza mizani yake mwenyewe, na wote wawili huanguka pamoja.

Lakini msaada nao una mpaka wake. Katika madrasa yetu alikuwako binti mmoja mwenye chuma kifupi, ambaye kaka yake alimbeba mgongoni kila siku, kwenda na kurudi. Lilikuwa jambo la huruma, na Mwenyezi Mungu amlipe kheri kijana yule. Hata binti alipofika umri wa miaka kumi, uzito ukamshinda kaka, na wazazi wakaamua akae nyumbani. Alikuwa amefika juzuu ya nne. Babu yake akatujia, akasema: "Mwalimu, mjukuu wangu hashindwi na kusoma. Anashindwa na kilima." Tukamjibu: "Basi, babu, kinachohitaji kazi ni kilima."

Mzee yule pamoja na vijana wa chuo wakachukua majembe. Wakachonga vidato katika ile sehemu kali iliyo nyuma ya nyumba yao, kila kidato wakakizuia kwa gogo lililopigiliwa vigingi, juu wakamwaga changarawe. Upande mmoja wakasimamisha nguzo za mlingoti na kuzifungia mti mrefu wa kushikia. Kazi ikachukua siku tano. Mama yake akaenda hospitali kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akafundishwa namna ya kutanguliza miguu, akarudi kumfundisha mwanawe kwanza kwenye kizingiti cha mlango, kisha vidato vitatu, kisha vyote. Wiki ya sita binti akaja chuoni kwa miguu yake, kaka akitembea nyuma yake mikono mitupu. Alichelewa kuliko wenzake kwa nusu saa, naye akaketi mahali pake akafungua msahafu.

Mwenye mtoto wa namna hiyo na ajiulize: kumbeba kwangu kunamsaidia, au kunamfundisha kutotembea? Mwenyezi Mungu amemwondolea lawama kiwete katika mambo yasiyomuwezekana, na hilo limo katika Suratun-Nur na Suratul-Fat-h. Udhuru huo ni rehema kwake. Si ruhusa kwetu sisi kumfungia ndani. Wanavyuoni wa sira wamepokea habari za Sahaba Amr bin al-Jamuh (R.A.), aliyekuwa na mguu wenye kilema kikubwa. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, wanawe walitaka kumzuia kwa sababu ya udhuru wake. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akashitaki, Mtume akamkumbusha kwamba amesamehewa, lakini akawaambia wanawe wasimzuie. Akatoka, na akafa shahidi. Twajifunza hapo kwamba mwenye udhuru ndiye wa kuamua kama atautumia.

MSIKITINI

Katika nyumba ya Mwenyezi Mungu mwenye chuma hukutana na mashaka matatu, nayo twayataja kwa kuwa mara nyingi hayazungumzwi.

Shaka la kwanza ni viatu. Chuma cha plastiki hakikuundwa kukanyaga chini peke yake. Huvaliwa ndani ya kiatu. Mtu akivua kiatu mlangoni na kuingia na plastiki tupu juu ya vigae, hasa vyenye maji, huteleza kama aliyepakwa mafuta. Dawa yake ni moja katika mbili: awe na jozi ya viatu visafi visivyokanyaga nje kabisa, avivae hapo mlangoni akiwa amekaa kitini; au amwombe fundi wa vyuma abandike soli ya mpira chini ya kifaa. Wala mtu asione vibaya. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alisali akiwa na viatu vyake, basi kiatu kilicho tohara si najisi kwa kuwa ni kiatu tu.

Shaka la pili ni udhu. Chuma kivulikacho bila madhara huvuliwa, na mguu huoshwa. Mwenye jeraha au aliyekatazwa na daktari kukivua, amwendee mwanachuoni amweleze hali yake, kwani milango ya wepesi katika dini ni mingi. Jambo la hospitali nalo ni hili: mguu ukaushwe vizuri kwa kitambaa, hata kati ya vidole, kabla ya kurudishwa ndani ya chuma. Ngozi yenye maji ndani ya plastiki hutoa malengelenge, na malengelenge huzaa kidonda.

Shaka la tatu ni ngazi za mlangoni. Misikiti yetu mingi imeinuliwa juu ya vidato viwili au vitatu, bila kishikio. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeagiza kwamba majengo yatumiwayo na watu wote yafikike nao. Kipimo kitumiwacho na wajenzi kwa njia ya mteremko ni kimoja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kimo yataka sentimita 12 za urefu. Vidato vitatu vya sentimita 15 kila kimoja ni kimo cha sentimita 45. Basi mteremko wake uwe na urefu wa meta 5 na sentimita 40. Hapo mafundi wengi hukosea kwa kutaka kuokoa saruji, wakajenga mteremko mfupi ulio mkali, ambao humdhuru mtu kuliko ngazi zenyewe. Kama uwanja hautoshi, ni bora kubaki na ngazi, lakini vidato vyote viwe na kimo kimoja, na kishikio kiwekwe kwenye kimo cha sentimita 90 hivi, kipite mwisho wa ngazi kwa sentimita 30 juu na chini. Kwa ajili ya watoto kiongezwe kishikio cha pili chini yake.

Na asiyeweza kusimama au kusujudu, asali kwa kadiri awezavyo, akiwa amekaa, hata kitini. Hadithi ya Imran bin Husayn (R.A.) katika jambo hili ni mashuhuri. Kwa hiyo asionekane wa ajabu yule aliyewekewa kiti katika safu.

KUKITUNZA KIFAA

Chuma kibovu ni adui aliye karibu. Kila asubuhi kabla ya kuvaa, kitazamwe: mikanda haijachakaa? Ribiti na skurubu hazijalegea? Plastiki haina ufa, hasa pembeni mwa kifundo? Ufa mdogo wa leo ndio uvunjikao kesho mteremkoni.

Ndani yake ivaliwe soksi ndefu isiyo na mikunjo. Kiatu kiwe cha kufungwa, chenye kisigino imara na soli yenye mifereji. Kandambili hazifai hata kwa kwenda uani. Pia kimo cha kisigino cha kiatu kisibadilishwe ovyo, maana fundi alipima chuma kwa kiatu cha kimo fulani. Kisigino kikipanda muundi huinama mbele, na goti hulegea hata penye tambarare.

Jioni avuapo, ngozi itazamwe kwa taa. Wekundu uondokao katika nusu saa si neno. Wekundu ubakiao, au jeraha, ni alama kwamba kifaa kinabana. Kisivaliwe, na fundi aonwe. Mtu asiyehisi maumivu mguuni ndiye anayehitaji zaidi kutazamwa, kwa sababu hatajua. Mtoto naye hukua, na chuma hakikui; kwa hiyo apelekwe kupimwa kila baada ya miezi michache, hata kama halalamiki. Walio huku Ileje waanzie hospitali ya wilaya pale Itumba, waulize njia ya kufika kwa mafundi. Na Mbeya ipo hospitali ya rufaa ya kanda.

KINGA NI BORA

Hatuwezi kumaliza bila kutaja mlango mmoja ambao wazazi wana uwezo wa kuufunga. Polio, uliopooza miguu ya watu wengi wa rika letu, ulionekana Tanzania kwa mara ya mwisho mwaka 1996 katika namna yake ya asili, na mwaka 2015 nchi yetu ilitangazwa kuwa salama. Lakini mwezi wa Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto mmoja wa Lilongwe amepoozwa na kirusi hicho. Nasi wa Songwe mpaka wetu na Malawi ni mto tu. Ndiyo maana mwezi wa Machi mwaka ule ule wauguzi walipita nyumba kwa nyumba katika mikoa yetu ya mpakani wakiwapa watoto matone ya chanjo. Matone yale mawili mdomoni ni mepesi kuliko chuma chochote. Mzazi asiwafungie mlango wayaletao.

NENO LA MWISHO

Enyi vijana mnaosoma makala haya, mna mikono yenye nguvu na majembe yapo. Itazameni njia itokayo nyumbani kwa mwenzenu mwenye chuma mpaka chuoni, mhesabu sehemu zilizo kali, kisha mzigawane siku za mapumziko. Enyi wazazi, kiondoeni kifaa ukutani, mkipeleke kwa fundi akitazame, mkaanze upya kwenye kizingiti cha mlango. Nanyi wenye vyuma, kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Mguu mzima ukae juu, msaidizi akae chini, na kila kidato kikanyagwe kwa miguu yote miwili.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aithibitishe miguu yetu katika njia za dunia, na aithibitishe siku ambayo miguu mingi itateleza. Amin.